Droni Tuliyomrushia Mama Musyoka

Wiki mbili zilizopita tulimzika mama yake Musyoka huko Kitui, na katikati ya sala droni ikatupitia vichwani. Siku hizi hakuna mazishi yasiyopigwa picha kutoka juu, sijui tunamwonyesha nani. Mpiga picha wa kukodiwa alisimama kando ya hema, macho kwenye rimoti, na kidude chake kikinguruma juu ya wazee na akina mama kama nyigu aliyekosa mlango. Kuku walikimbilia chini ya magari. Mchungaji alinyamaza, akatazama juu, kisha akaendelea kuomba kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Nilijizuia mpaka tukasema amina, halafu nikamfuata yule bwana. "Kaka, hicho hakirushwi juu ya vichwa vya watu. Panga lake moja likivunjika hapo, leo tutazika wawili." Akaliangalia gauni langu jeusi na viatu vyangu vya kanisani, akauliza kwa adabu, "Kwani auntie unajua droni?" Nikamuuliza kama ameisajili, kama ana kibali, na ikipoteza mawasiliano ameipangia irudi kwa kimo gani, maana pale kuna mikaratusi na waya za stima. Akaiteremsha nyuma ya choo, polepole.

Najua droni, ndiyo. Niliijua kwa mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na sita, Dubai, na sijawahi tena kukitafuta kitu kwa kiu ile. Nilirudi chini ya hema nikaketi, na kwaya ilipoanza kuimba sikuisikia. Nilikuwa nimeshafika chumbani kwetu mtaa wa Naif, ghorofa ya nne, mahali ambapo asubuhi za majira ya baridi ukungu uliingia dirishani ukakaa nasi kama mgeni asiyeaga. Tulikuwa wanawake sita, vitanda vitatu vya kupandana, na kila kitanda na pazia lake. Nyuma ya pazia ndiyo ilikuwa nyumba yako: sanduku miguuni, picha za watoto ukutani, chaja, Biblia au tasbihi. Usingizi wa chumba kile haukuwa wa mtu mmoja. Kulikuwa na mwenzetu aliyeyaita majina ya wanawe akiwa amelala, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na sisi wengine tulikuwa tumeyakariri kiasi kwamba siku akiruka mmoja ungemsikia mtu gizani akimkumbusha. Uwanja wa ndege haukuwa mbali. Ndege zilipita chini mno hivi kwamba vikombe vililia kabatini, na kila ikipita, Zuhura aliyelala kitanda cha chini yangu alisema, "Hiyo ya Mombasa hiyo." Hata kama inaelekea China, ilikuwa ya Mombasa.

Zuhura alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, dereva wa gari dogo la duka la mabuibui, akipeleka nguo majumbani kwa wateja. Aliniita "mtu wa bara" hata siku za kunisifu. "Mtu wa bara leo umepika vyema, wallahi, nikadhani umezaliwa pwani." Nikipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, alisema ni chakula cha kutolea adhabu, kisha anajipakulia sahani ya pili. Yeye Ijumaa asubuhi alikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, na harufu yake ilitoka chumbani ikateremka ngazi mpaka mtaani, na mpaka leo nikinusa iliki najisikia ni Ijumaa, hata ikiwa Jumatano na niko Machakos nalipa bili ya maji.

Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme, hapo hapo Naif. Tuliuza simu, kamera, spika, na mwaka ule droni zikaja kwa makatoni. Arbab, mwenye duka, tulimwona mara mbili kwa mwezi. Aliyetutawala ni meneja, sir Imtiaz, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yangu ilikuwa Kiswahili. Wafanyabiashara wa Nairobi, wa Dar, wa Unguja, wa Kampala waliingia na mifuko yao mikubwa, wakisikia "karibu baba, karibu mama" mabega yanashuka. "Dada, hii inaruka kweli?" "Inaruka, baba. Rahisi kama kuchemsha chai." Sikuwa nimewahi kurusha hata moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sir alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikazidisha maji. Niliwauzia watu waliofikia hoteli za Garhoud, ambako ukitoka nje unaiona mikia ya ndege imepangwa, na sikuwaambia neno. Niliwauzia wanaorudi nchi ambako forodha ingewanyang'anya mlangoni kwa kukosa kibali. Sikuwa na nia mbaya. Sikujua tu, na kuuliza niliona kutaniharibia sifa.

Sasa huyo Musyoka. Alikuwa askari wa kulinda bohari Al Quoz, analala kambini na wenzake, na siku yake ya mapumziko, ambayo Mungu alimpangia Ijumaa, alipanda basi akaja Naif kula chakula cha mkono wa mtu wa kwao. Tusianze uvumi: hakuwa mpenzi wangu. Vijiji vyetu vinatenganishwa na mto mmoja, na ukiwa Ghuba hilo latosha kuwa ndugu. Wanaume hawakuruhusiwa vyumbani, kwa hiyo tulikula darini, kati ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, sufuria katikati. Ijumaa moja ya Januari alikaa akilizungusha tonge mkononi mpaka likawa gumu.

"Amekataa," alisema.

"Nani? Amekataa nini?"

"Mama. Amekataa kukatwa."

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda cha kidole gumba kilikuwa kimepanda, mguu umeanza kuwa mweusi, na daktari amesema ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo sumu itaenda moyoni. Mama amekaa kitandani amefunga mikono: hakatwi mpaka amwone mwanawe. "Nikifia pale mezani," alimwambia Kanini, dada yake Musyoka, "nani atanijulisha kama yeye bado ni mtu au ni mateka?" Msiseme ni ujinga wa kizee. Binti wa jirani yao alikuwa amerudishwa ndani ya sanduku kutoka nchi nyingine ya huko Ghuba, na wiki tatu nzima baada ya kufa kwake simu yake iliendelea kuwajibu wazazi: niko sawa, Mungu ni mwema. Aliyekuwa akiandika hakujulikana mpaka leo. Zuhura aliyekuwa akianika mtandio wake aliyasikia yote, akasema, "Lisemwalo lipo. Mie huyo mama namuelewa."

Musyoka alikuwa amejaribu kila njia. Simu za kuonana uso kwa uso hazikupita. Mitandao ya Dubai ilizifunga. Alimpigia simu ya kawaida, mama akasema sauti hutolewa hata na mtu aliyefungwa. Alijipiga picha mwenyewe, mama akasema naona uso tu, shingo kwenda chini siioni, na huo mkono mwingine uko wapi? Mwenzake wa kambini akamrekodi video amesimama wima mbele ya ukuta, mikono yote inaonekana, amevaa vizuri. Mama akaitazama mara mbili, akauliza swali moja tu: "Na nani amekushikia simu?" Yaani huyo anayeshika simu, ambaye haonekani, ndiye mlinzi wake. Ndiye anayemwambia tabasamu. Ungemjibu nini? Likizo yake ilikuwa bado miezi saba, na pasipoti iko kabatini kwa kampuni. Daktari alikuwa amewapa wiki mbili, labda tatu.

Nakumbuka nililiangalia shati langu likipepea kwenye kamba, na fikira ikanijia taratibu kama mtu anayepanda ngazi. "Mimi nina kamera isiyoshikwa na mtu," nikasema.

Dukani kulikuwa na droni ya maonyesho, imekaa dirishani miezi mingi mpaka jua likaifubaza, na ubavuni ina mkwaruzo. Sir Imtiaz aliniachia kwa bei ya kunionea huruma. Siku hiyo hiyo tukapanda nayo darini, saa tisa alasiri, mimi nikijigamba kama rubani. Nikawasha. Taa zikawaka, ikalia kidogo, basi. Mapanga hayakuzunguka hata nusu duara. Kwenye simu kukatokea maandishi mekundu ambayo sikuyasoma, maana hasira zangu husoma polepole. Nilirudi dukani nimeikumbatia. "Sir, umeniuzia mbovu!" Sir aliyatazama maandishi, akaivua miwani, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Kisha akanyoosha kidole juu, na kama aliyekuwa ameagiza, ndege ikapita na vioo vya kabati vikatetemeka. "Madam Mwende," akasema, "miezi minane unauza. Uwanja wa ndege uko wapi?" Yeye aliniita madam siku nilipokuwa mjinga tu. Droni ilikuwa nzima. Ilijua mahali ilipo na ikakataa kuruka. Mimi ndiye sikujua. Alipomaliza kucheka akanisogezea kiti, na uso wake haukuwa wa mzaha tena. Akaniambia lazima isajiliwe, irushwe mahali palipotengwa tu, isipige picha mtu asiyeridhia wala nyumba ya mtu. "Ukikosea, si mchezo. Polisi, halafu khalas, ndege ya kwenu." Nilikaa kwenye kile kiti nikiwakumbuka wateja wangu wote, nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Kusajili kulitaka kitambulisho cha ukaazi. Musyoka alitoa chake, nikamrudishia. Kampuni za ulinzi hazipendi askari mwenye kamera. Nikaandika jina langu, na jioni ile nikalala na kile kitabu cha maelekezo nyuma ya pazia, mimi ambaye shuleni vitabu vilinikimbia. Ajabu, nilikipenda. Kilisema na mimi kwa upole kama shangazi. Usichaji betri ukaiacha peke yake. Ukisafiri nayo ibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku la chini la ndege. Upepo wa juu si upepo wa chini, na kwenda nao ni rahisi, kurudi ndiko kazi, kwa hiyo geuka ukiwa na nguvu bado. Kabla ya kurusha, izungushe hewani ijue kaskazini yake, na usifanye hivyo karibu na chuma. Usiiache itoke machoni mwako. Nilikuwa nikisoma na ndege zinapita na mwenzangu anaita majina ya wanawe, na mambo haya matatu yakachanganyika kichwani mpaka nikaota nimekaa juu ya Kitui yote, naona kila paa na kila mtu, na hakuna aliyenitazama.

Kitu kimoja kilinishinda. Droni ikikupa mgongo, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka kukutazama, vyote vinageuka, na hapo ndipo wengi wanaigonga mtini. Mazoezi hayakuwa na pahali. Zuhura ndiye aliyejitolea. Alikijaza chumba, mfuniko wa sufuria kichwani, mikono ameitandaza, akitembea kati ya vitanda huku mimi nimekaa juu na rimoti iliyozimwa. "Mbele," nasema nikisukuma kidole. Anaenda mbele. "Geuka. Sasa njoo kwangu. Kushoto!" Anakwenda kulia, anajigonga kabatini. "Mtu wa bara, utaniua! Kushoto kwa nani?" "Kwako!" "Basi sema kushoto kwangu!" Wenzetu walifungua mapazia wakatazama kama wako sinema, wakaanza kuamuru nao. Tulifanya vile jioni tano. Mwishoni nilikuwa nikimwona Zuhura mtaani anakuja upande wangu, vidole vyangu vinamgeuza vyenyewe.

Ijumaa iliyofuata, wiki ya kwanza ikiwa imekwisha liwa, tulitoka alfajiri na gari la mabuibui, kwa ruhusa ya arbab wa Zuhura, nguo zimening'inia nyuma zikitugusa visogo kila kona. Ukungu ulikuwa mzito hata majengo marefu yalikatika katikati, juu yanaelea hayana miguu. Musyoka alikuwa amevaa shati la maua la kuazima. Nilimkataza sare, mama asije akadhani ni ya gereza. Tulifika mahali palipotengwa kwa kurushia, mbali jangwani, hakuna nyumba wala mtu, na ukungu ukaanza kupanda kama pazia linalovutwa na mtu mwenye subira. Mchanga ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nimeishi na watu wengi na kelele nyingi. Kimya kile sijapata tena.

Kitabu kilisema usiirushe kutoka mchangani, mchanga huingia kwenye mota. Tandika kitu. Hakikusema tandika nini, na kwetu sisi kitu cha kutandika ni kimoja. Zuhura alitoa leso mkobani, mpya, bado ina ugumu wa dukani, akaitandaza vizuri, akanyoosha pindo kwa kiganja kama anayemtandikia mgeni. Tukaiweka droni katikati, ikapendeza. Nikabonyeza kurekodi kabisa, nisije nikasahau. Nikairusha. Ilipanda kimo cha goti, na upepo wa mapanga yake ukaiinua leso. Leso nzima ilisimama kama imeitwa jina. Musyoka akaruka kuishika, akavuta upande mmoja, mapanga yakavuta upande wa pili, kukatoka mlio wa kitambaa kinachoraruka, na droni ikapinduka ikaanguka kifudifudi, ikagaagaa, ikatulia ubavu.

"Musyoka!" Nilipiga kelele ambayo nadhani Oman waliisikia. "Umeivunja! Mwanaume mzima unang'ang'ania leso ya nini? Haki ya nani nitakuzika hapa hapa!" Zuhura amejishika kichwa, "Leso yangu, jamani, sijaivaa hata mara moja!" Na Musyoka amesimama na kipande cha leso mkononi, anaitazama droni, ananitazama mimi, na hapo akaanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja, akainama, akakaa mchangani na kile kipande kichwani kama bibi harusi. Wiki nzima hakuwa hata ametabasamu. Nilimgombeza kuanzia ukoo wake mpaka kiatu chake, na katikati ya matusi mdomo wangu ukanisaliti, nikacheka na mimi. Nilipiga magoti nikaipuliza mchanga. Mapanga mawili yalikuwa yamevunjika. Ya akiba yalikuwemo kwenye boksi, na kitabu kilikuwa kimenifundisha kwamba hayafanani: kuna ya kuzunguka kulia na ya kuzunguka kushoto, ukichanganya inapinduka. Nikayafunga taratibu, ulimi nje. Safari hii tukairusha juu ya kapeti ya mpira ya gari.

Ikapanda. Mungu wangu, ilivyopanda! Musyoka akafanya kama tulivyokubaliana: akasimama peke yake, mimi na Zuhura tukajificha nyuma ya gari. Akageuka pande zote. Akakunja mikono ya shati, akakunja suruali mpaka magotini, mama aone hakuna pingu wala kovu. Akainua mikono. Nami nikaipandisha polepole, polepole, kwenye simu nikimwona akiwa mtu, halafu akiwa kidoli, halafu akiwa punje ya mtama juu ya mchanga uliokunjwakunjwa na upepo, na gari letu kando yake kama kibiriti, na jangwa, na jangwa, na mwisho kabisa mstari wa ukungu ambamo mji ulikuwa umelala. Nililia kwa furaha bila kujijua. Nilisema moyoni, mama, tazama, hakuna ukuta. Hakuna lango. Hakuna anayeshika simu. Upepo ulianza, betri ikashuka, nikaigeuza kabla haijafika nusu kama nilivyofundishwa, na kurudi kulichukua mara mbili ya kwenda. Ikatua salama juu ya kapeti.

Jioni nikazituma video kwa Kanini kwa mtandao wa duka. Kwa pupa sikuchagua, niliziteua zote nikatuma. Nikalala nikiwa mtu mwema.

Asubuhi ujumbe wa sauti ulikuja. Kanini alikuwa akisema kitu lakini hasikiki, maana nyuma yake mama alikuwa akipiga ukwenzi, ule wa msibani. "Mwanangu anapotea! Mnanionyesha vile anavyopotea!" Alikuwa amemwona mwanawe anapunguka, anapunguka, mikono juu kama mtu anayezama, na anayemtazama anaenda zake. Wamemwacha huko, alisema. Wamemtupa mchangani, wameondoka. Kanini akazima. Nilimpelekea Musyoka ule ujumbe, kwa sababu ni wake, na nadhani ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumfanyia mtu. Alinipigia. Nikasikia malori ya bohari yakirudi nyuma, pii, pii, pii, kisha akakata. Wiki ile alienda ofisini kwao kuomba pasipoti, akarudi bila pasipoti. Mimi nilimwambia mteja mmoja wa Kampala asinunue droni mpaka aulize kibali kwao, akaondoka bila kununua, sir akanitazama, nami sikujali. Kila nikifumba macho niliona ile punje. Nilikuwa nimetafuta urefu wa kwenda juu, nikidhani juu ndiko kuna uhuru, na sikujiuliza hata mara moja mama huwa anamtazama mwanawe kutoka wapi.

Ijumaa ilipokuja Musyoka alikuja, sijui kwa mazoea au kwa kukosa pa kwenda. Tulikuwa darini, Zuhura ameleta mahamri na hakuna aliyeyagusa, simu ya Musyoka ikalia. Ilikuwa simu ya kawaida kutoka Kenya, ile inayokula salio kama moto wa nyasi, na Kanini hakuwa mtu wa kupiga. Musyoka akaitazama inalia. "Pokea," nikamwambia. Akaniwekea kipaza sauti.

Alikuwa mama mwenyewe. Sauti yake ilikuwa chovu lakini haikulia. Tulizungumza Kikamba; nayaandika kwa Kiswahili ila bado nayasikia kwa Kikamba. "Musyoka," alisema, "jana Kanini alikuwa anafuta vitu kwenye simu, akafungua ile nyingine. Ile ya kuanguka."

Mimi na Musyoka tukatazamana. Hatukujua kama kamera ilikuwa imeendelea. Imelala ubavu mchangani, imeona kila kitu: miguu yake, leso, mapaja yanayopigwa, mimi napayuka, na simu iliyounganishwa na rimoti imenasa sauti.

"Nimeitazama mpaka mwisho," mama akasema. "Umevunja kitu. Kitu cha bei, naona. Mkono wako ndio umekivuta. Nikasema ngoja. Nikangoja nione nani atakuja kukupiga. Nikangoja, nikangoja. Hakuja mtu. Umekaa chini ukacheka. Mtu aliyefungwa hakai chini akacheka akivunja kitu cha wenyewe. Amekuja msichana tu, mdomo mkali, naye akacheka, akapiga magoti akapuliza mchanga."

"Ndiye Mwende, mama. Yuko hapa."

"Nipe."

Nikazima kipaza sauti, nikaishika ile simu sikioni kwa mikono miwili. "Mama, unisamehe kwa vile nilivyomtukana."

"Nisamehe nini? Kelele zako ndizo zimenipa usingizi." Nikamsikia akijisogeza kitandani, akigumia kwa ule mguu. "Na wewe, mwanangu? Wewe ukivunja kitu huko, nani huja?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Si Zuhura, si Musyoka, si mama yangu mzazi, ambaye nilimtumia picha za bustani na maua. Kabla ya duka nilikuwa nimefanya kazi za nyumbani, miezi saba, katika nyumba yenye mlango uliofungwa kwa nje, na nilivunja bilauri. Bilauri moja. Ndiyo maana, nadhani, nilimwelewa yule mama kabla habari yake haijaisha, na ndiyo maana nililala na kile kitabu, nikitafuta mahali pasipo na mlango. Salio lilikuwa linaisha. Ndege ilikuwa inakuja.

"Hakuna, mama," nikasema. "Siku hizi hakuna mtu."

Ndege ikapita, vikombe vya chai vikalia, na nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, polepole, kama anayenishika uso, "Siku hizi. Pole, mwanangu. Pole sana." Akaniacha nilie. Hakuniharakisha, na salio likiwa la shida vile. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayefunga leso kiunoni, "Haya. Mwambie kaka yako wanikate Jumanne."

Musyoka alikuwa ameyaona machozi yangu tu, maana simu ilikuwa sikioni mwangu. Alikuwa ameshasimama, akijishikilia kwenye tangi la maji. "Amekataa," alisema. "Mwende, amekataa?"

"Amekubali," nikamwambia, na sikuweza kuacha kulia. "Amekubali, Musyoka. Keti ule."